Viatu Vilivyobaki Nje ya Picha

Enzi za Mwingereza, pale Bukoba mjini palikuwa na studio moja ya picha, na studio hiyo ilikuwa na jozi moja ya viatu. Mteja akija pekupeku, na wengi wetu tulikuja pekupeku, mwenye studio anamsukumia vile viatu, anamsimamisha mbele ya pazia lililochorwa mlima wa theluji, anamshikisha ua la karatasi. Ndiyo maana kwenye nyumba za wakati ule, za Walutheri kwa za Wakatoliki, kila ukuta ulikuwa na mtu tofauti aliyevaa viatu vilevile.

Nilizicheka picha hizo mpaka machozi. Nilikuwa mwalimu bwana, nimepanga chumba Kibeta, na kamera ninayo, nimeinunua kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Pamoja na kamera alinipa magazeti ya picha, na humo ndimo nilimookota sanaa, ugonjwa ambao haujanitoka mpaka leo. Sanaa, kwa nilivyoelewa mimi, ilikuwa ni kupiga nusu ya kitu. Nusu ya mlango, nusu ya uso, iliyobaki unaiachia giza. Mtu akiuliza nusu nyingine iko wapi, unamtazama kwa huruma.

Baba yangu alikuwa mkulima wa Kishanda, na shemeji yake wa Kagoma alikuwa na picha ukutani, kasimama na viatu vya studio. Kila baba alipokwenda kuwatembelea, hata kahawa ya kutafuna hajaimaliza mdomoni, shemeji anaelekeza kidole ukutani. "Na wewe, waitu shemeji, yako lini?" Basi msimu mmoja baba akauza kahawa yake, akanunua viatu. Vyake mwenyewe! Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu, picha ya kumwonyesha shemeji viatu ambavyo si vya kuazima.

Nilipofika nyumbani likizo, alinawa miguu mara mbili, akavitoa viatu kwenye majani makavu ya mgomba alimovifungia, akavivaa ndani, juu ya nyasi za sakafuni. Akatoka akinyanyua magoti juu juu, vumbi lisivipate, akasimama mbele ya kibanja, shamba lake la migomba na kahawa.

"Vinaonekana?"

"Tulia, tata," nikamwambia baba.

Kamera ilikuwa na picha moja tu ya mwisho. Na mwanga, jamani, ulikuwa ukipenya kwenye migomba na kumwangukia shavu la kushoto! Nikasogea. Nikasogea tena. Nikapiga.

"Vimeingia?"

"Vimeingia," nikasema, bila hata kupepesa macho.

Niliisafisha mwenyewe Kibeta, dirisha nimeliziba kwa blanketi. Ilitoka shavu, jicho moja na giza tupu. Niliruka peke yangu chumbani kama mwehu. Nilijiona nimefika.

Baba aliishika kwa mikono miwili. Akaigeuza, akatazama na nyuma.

"Viatu viko wapi?"

Nikamweleza mwanga, nikamweleza kivuli, nikamweleza na magazeti. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu mwenye adabu kuliko mwanawe.

"Ulisema unakwenda kuisafisha?"

"Ndiyo, tata. Picha lazima isafishwe."

"Mwalimu, sasa hukuona kwamba inatosha? Umesafisha mpaka viatu vikatoka. Na sikio."

Mama alicheka akashika mlango. Mimi nikawaka. Nikamwambia baba kwamba miguu si sanaa, na kama anataka miguu aende studio akasimame na ua la karatasi pamoja na washamba wenzake. Nilimwambia baba yangu maneno hayo, kwenye kibanja chake kilichonisomesha. Aliifunga picha kwenye kitambaa, akaingia ndani.

Likizo iliyofuata nilikuta ameipigilia ukutani sebuleni, chini chini, usawa wa kifua. Na chini yake, juu ya nyasi, vimepangwa viatu, visigino vimegusa ukuta, vimepakwa rangi vinang'aa. Mama alinisimulia kwamba shemeji wa Kagoma alikuwa amekuja. Alitazama juu, akatazama chini, akarudia, kisha akaomba lubisi, pombe yetu ya ndizi, na hakuulizia picha tena. Nilicheka sana. Na nikaona wivu, kwa sababu picha ile sasa ilikuwa nzuri, na mimi sikuwa nimeipiga.

Jumapili, kengele ya misa ilipolia, baba alitoka na kanzu yake nyeupe, fimbo mkononi, miguu mitupu. Nikashtuka. Nikamkimbilia na kamera njiani.

"Tata, rudi uvae viatu. Filamu ninayo nzima. Nakupiga leo, mpaka kwenye kucha!"

Alinitazama kwa huruma, ileile niliyokuwa nikiwatazama nayo wengine.

"Mwanangu, nikivitoa pale," akasema, "yule wa ukutani atasimama na nini?"

Akaendelea na safari yake, akikwepa mawe.