Mawingu Yaliyogeuka Povu

Nakumbuka Jumapili moja ya ujana wangu, katika ukumbi wa parokia yetu pale Panda, Likasi. Imenirudia, mwanangu, tangu uliponionyesha kwenye simu mwanzo wa tamthilia mnayotengeneza: magari yanawaka moto, moshi, helikopta. Nikauliza hadithi inahusu nini, ukasema inahusu mama anayekaanga maandazi. Nilicheka sana, lakini sikukucheka wewe.

Miaka ile tulitazama televisheni kwa jirani. Kabla ya habari, uso wa rais ulishuka taratibu kutoka mawinguni. Hakuna aliyetueleza maana yake, na kila mtu aliielewa. Mimi niliyapenda yale mawingu kwa uzuri wake tu. Basi kikundi chetu cha maigizo kiliponiagiza picha ya kufungulia mchezo, nikachukua shuka la mama yangu, nikalijaza mawingu. Mchezo wenyewe ulihusu mlevi ambaye watoto wake wanalala njaa.

Pazia likafunguliwa. Mkuu wa chama cha rais mtaani kwetu, aliyeketi mbele, alipoona mawingu akadhani ni rais anayeshuka, akasimama na kupiga makofi. Ukumbi mzima ukasimama naye. Shuka likasogezwa, na kutoka mawinguni akaja mlevi wetu, chupa mkononi, anayumba.

Makofi yakakatika. Mwanangu, enzi zile watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Niliogopa, maana mkuu alikuwa amegeuka kuuliza nani kachora.

Mama Kapinga, mtu mzima aliyecheza mke wa mlevi, hakumngoja. Alitoka na beseni lake la nguo, akaliweka chini ya mawingu yangu, akaanza kufua.

"Weye mulevi," akamwambia mume wake wa mchezo, "minye niko nafula tangu asubui, povu ya sabuni inafika mpaka kule juu, na weye unapita mu nguo zangu na viatu?"

Watu walicheka mpaka machozi. Mkuu akalitazama shuka, akamtazama Mama Kapinga, kisha naye akacheka na kuketi. Nadhani alilihitaji povu lile kama nilivyolihitaji mimi, maana yeye ndiye aliyeanza kuyapigia makofi mawingu ya mlevi.

Mchezo ulipokwisha, Mama Kapinga aliniita pembeni, mikono bado imelowa.

"Mu hii mchezo yetu, iko muntu anashuka mbinguni?"

"Hapana, mama."

"Anatoka wapi?"

"Ku bar."

"Na batoto banakula nini?"

"Hakuna kitu."

"Voilà. Chora ile."

Nikachora mbabula, jiko letu la makaa, limezimika, na juu yake sufuria iliyogeuzwa juu chini. Tuliporudia mchezo, pazia lilipofunguliwa tu, wanawake waliguna. Hakuna aliyekuwa amesema neno, na tayari walikuwa wanawalilia wale watoto.

Kwa hiyo, mwanangu, usiazime picha kwa sababu inapendeza. Inakuja na maneno ya yule uliyemwazima. Waachie wenyewe magari yao. Tuonyeshe mkono wa yule mama ukipepea moto alfajiri, nasi tutajua tumekuja kumtazama nani. Na ukitazama kazi za wengine, jiulize picha ya kwanza inataka uamini nini kabla hujasikia lolote.

Mungu akupe jicho la Mama Kapinga. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akuwekee karibu mtu mwenye beseni.