Kadi Niliyoishonea Pajani
Nasimulia mwenyewe, maana Ruangwa yote wanakitia kisa changu chumvi. Mimi nadarizi kadi za karatasi kwa sindano, na huwa nazishonea pajani. Ukumbini, nikimalizia ua la mkorosho kwenye kadi ya bibi harusi, wifi yangu akanionya, “Wifi, shonea mezani.” Nikamjibu kwamba fundi ni mimi.

Mshereheshaji akaita wenye zawadi. Nikacheza mpaka mbele, kadi nimeikumbatia tumboni. Bibi harusi akaipokea, haikutoka. Akaivuta kwa nguvu, ikaondoka na kanga yangu niliyokuwa nimeishona pamoja nayo bila kujua, nikabaki na bukta ya mume wangu niliyoivaa ndani ili nipande pikipiki kutoka Nachingwea.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

“Chekeni,” nikasema, “ila nionyesheni uzi uliokatika!”