Nilisema Nimeshabadilisha Oili

Nilimwaga oili ya giaboksi ya gari letu, nikashindwa kujaza mpya, na mtu aliyekuwa na haki ya kujua aliponiuliza, nilimjibu kwamba nimeshabadilisha. Hilo ndilo kosa langu. Yanayofuata ni maelezo, nayo hayanipunguzii kitu.

Mimi ni mjane, mke mkubwa katika mji wa wake wawili, kata ya Nyanungu, wilayani Tarime. Jina langu sitalitaja, kwa kuwa wajukuu wangu wanajua kusoma. Mke mwenzangu nitamwita Ghati, ingawa silo jina lake. Yeye ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na saba.

Nilimwonea Ghati wivu kwa miaka kumi na mitano, na niseme wazi kwamba haukuwa wivu wa kitanda. Mambo hayo katika mji wa wake wawili yana utaratibu wake na mtu huyazoea. Wivu wangu ulikuwa wa gari.

Marehemu alinunua pikapu kuukuu, ya gia za mkono, tarehe 3 Agosti 2009. Tangu siku hiyo Jumamosi zake zikawa za Ghati. Walitandika gunia chini ya gari, wakalala chali wote wawili, nami nikipita na ndoo ya maji naona miguu minne imetokeza: miwili ya mume wangu, miwili ya mke mwenzangu. Walifundishana na kucheka humo. Na kila mwaka, siku ya kubadilisha oili ya giaboksi, nilisikia maneno yale yale.

"Mdomo kwanza, Ghati. Bila mdomo usiguse chini."

Naye Ghati hujibu akicheka, "Nimesikia, mzee. Mdomo kwanza."

Mimi ni mtu mzima, mama wa watoto wanne. Nilielewa nilivyoelewa. Niliingia jikoni nikagonganisha masufuria ili wajue kwamba kuna mtu.

Siku moja nilimwomba anifundishe na mimi. Aliitazama mikono yangu, akasema, "Mama, wewe shika kalamu. Grisi mwachie Ghati." Alidhani ananipa heshima.

Ni kweli kalamu nilikuwa nimeishika kwa jasho. Nilianza darasa la watu wazima tarehe 9 Januari 2012, nikiwa na miaka arobaini na sita, nikikaa dawati moja na wasichana wa umri wa binti yangu wa mwisho. Mwaka 2018 nikafaulu kidato cha nne. Ghati hasomi zaidi ya jina lake mwenyewe. Hilo lilikuwa faraja yangu, na ninalitaja kwa aibu.

Mume wetu alifariki tarehe 26 Septemba 2020. Kaka yake, shemeji yangu mkubwa, akalitaka gari. Kikao cha ukoo kikaamua libaki kwetu sisi wajane. Shemeji akaweka sharti lake mbele ya wote: "Sawa, kaeni nalo. Lakini siku litakapowafia mikononi, linakuja kwangu, na msinililie." Wazee wakakubali.

Basi Ghati akaendesha. Mara mbili kwa wiki alipeleka mahindi na ndizi sokoni Mugumu, na nyumba zote mbili zikala kutokana na safari hizo. Nilipokwenda Mugumu mwenyewe, watu walinisalimu kwa adabu, kisha wakaulizana, "Huyu ndiye mwenzake mama dereva?" Mimi mwenye cheti nikawa mwenzake wa mtu.

Ijumaa tarehe 7 Juni 2024, Ghati alipata taarifa kwamba shangazi yake amefariki upande wa Kenya, mbele kidogo ya mpaka wa Sirari. Kabla ya kuondoka alinijia.

"Mama mkubwa, gia zimeanza kuwa nzito. Oili mpya iko ndani kwangu. Nikirudi nitaibadilisha. Mtu asiliguse gari."

Angesema "watoto wasiliguse", ningemsikia vizuri. Alisema "mtu", na mtu mzima aliyebaki pale mjini nilikuwa mimi.

Kesho yake saa tatu asubuhi nilitoa kitabu cha gari, kilichoandikwa kwa Kiingereza, pamoja na kamusi yangu. Nikanakili hatua zote kwenye daftari, nikaandika tarehe juu ya ukurasa. Kitabu kilisema mwaga oili ya zamani, kisha jaza mpya. Kiliandikwa kwa gari jipya ambalo nati zake hazina ubishi. Hilo sikuliwaza.

Nilipandisha gari kwa jeki, nikaliwekea magogo, nikaingia chini. Nati ya chini ilifunguka bila shida. Oili ikashuka kwenye beseni, nyeusi kama masizi. Nilifurahi kuliko siku ya matokeo ya mtihani. Sikutaka itupwe bure, kwa hiyo niliichukua nikaenda kupaka nguzo za zizi dhidi ya mchwa, hadi ikaisha. Nikarudi, nikaifunga nati ya chini, nikaikaza.

Ilibaki nati ya pembeni, ile ya tundu la kujazia. Unaingiza mpira hapo, unamimina mpaka oili ianze kuchuruzika. Nati hiyo ilikataa. Nilitia bomba kwenye spana ili nipate nguvu zaidi. Spana ikateleza, ikala pembe za nati, ikateleza tena. Ilipofika saa nane mchana nati ilikuwa mviringo kama kifungo cha shati, na giaboksi ilikuwa tupu.

Yupo fundi huko Bomani, mjini Tarime, na namba yake nilikuwa nayo. Sikumpigia, kwa sababu angemwambia Ghati. Nililishusha gari, nikaificha oili mpya ghalani kwangu nyuma ya magunia ya mtama, nikaoga.

Ghati alirudi Jumapili alasiri. Nilikuwa uani na mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa. Kesho niamke mapema nibadilishe ile oili, ndipo nipakie."

Mkamwana wangu akadakia, "Afadhali umerudi, mama mdogo. Gari lilikuwa limenuna, linakusubiri wewe tu."

Wakacheka. Huyo ni mkamwana wangu mimi, niliyempokea mimi katika mji huu, na gari linamsubiri Ghati.

"Oili nimeshabadilisha," nikasema.

Ghati alisimama na mfuko wake mkononi. "Nani? Wewe?"

"Mimi. Kwani mpaka mtu avuke Sirari ndipo ajue kushika spana?"

Hakukasirika. Uso wake ulichanua, na mpaka leo huo ndio uso ninaouona. "Kumbe umeweza, mama mkubwa. Na mdomo ulifunguka?"

Nilidhani ananikumbusha yale ya chini ya gari, mbele ya mkamwana wangu.

"Wangu hufunguka ninapotaka na hufungwa ninapotaka," nikamjibu. "Wa kwako ndio hatujui."

Mkamwana alicheka hadi akashika ukuta. Ghati naye alicheka, ingawa alinitazama kidogo kama mtu aliyekosa neno katikati ya wimbo. "Haya, mama mkubwa. Basi kesho nalala mpaka jua litoke."

Jumatatu tarehe 10 Juni alipakia magunia akawasha gari. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa ghala. Nilijiambia kwamba safari moja haiui gari, na kwamba jioni nitasema. Alinipungia mkono, nami nikampungia.

Lilifia mlimani, kabla ya kufika Mugumu. Giaboksi ilianza kulia kama jiwe la kusagia, ikatoa harufu ya kuungua, kisha gia ikang'ang'ania pale pale. Kesho yake gari lilirudishwa nyumbani likivutwa na trekta. Mwenye trekta alikuwa ameingia chini, akafungua nati ya chini, akamwambia Ghati kwamba humo ndani hamna hata tone.

Kikao kilikaa Jumamosi tarehe 15 Juni. Shemeji alizungumza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda.

"Gari limekufa kwa kukosa oili. Nataka kujua jambo moja. Nani anahusika na oili hapa?"

Wote wakamgeukia Ghati. Ghati akanigeukia mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayekupisha mlangoni ili utangulie.

Nikasema, "Kazi ya oili ni ya Ghati, tangu marehemu yuko hai."

Nimeipima sentensi hiyo mara nyingi. Kila neno lake ni la kweli, na ndiyo uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuusema.

"Ghati, una neno?" shemeji akauliza.

"Sina, tata," akajibu, yaani baba, kwa heshima.

Katika mji wetu mke mdogo hamkanushi mke mkubwa mbele ya wanaume. Nililijua hilo nilipofungua kinywa. Niliegemea hapo kabisa.

"Nilisema," shemeji akahitimisha. "Mwanamke na giaboksi, wapi na wapi." Wanaume wakacheka, na gari likavutwa kwenda kwake siku hiyo hiyo.

Alhamisi tarehe 4 Julai, Ghati alinikuta nikipepeta mtama. Alikaa bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama mkubwa, siku ile mlimani niliingia chini. Nimeuona mdomo. Pembe zote zimeliwa."

Nikamuuliza anazungumzia mdomo gani.

Alinishangaa. "Nati ya kujazia. Mzee alikuwa anaiita mdomo. Ina ukaidi, lazima uiloweshe dizeli siku moja kabla. Ndiyo maana alikuwa ananiimbia kila mwaka: mdomo kwanza, bila mdomo usiguse chini. Maana ukishamwaga na mdomo umekataa, gari litakula nini? Nilikuuliza kama ulifunguka. Ukanitania."

Ungo uliniponyoka. Kumbe miaka kumi na mitano nilikuwa ninaionea wivu nati.

"Kwa hiyo ulijua kabla ya kikao," nikasema.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe," akajibu, akainuka akaenda zake.

Ilinichukua siku kumi na saba nyingine kupata ujasiri, na siku hizo siwezi kuzitetea. Jumapili tarehe 21 Julai, baada ya ibada, nilikwenda kwa shemeji nikaeleza yote, toka beseni hadi ghala, na jinsi Ghati alivyojua akaningoja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maneno yako yamekuja kwa miguu, shemeji," akasema. "Gari limeondoka kwa lori wiki iliyopita. Limeshafunguliwa vipuri." Kisha akaongeza, "Kwa hiyo aliyeua ni wewe, na aliyeficha ukweli ni yeye. Nilifanya vizuri kulichukua."

Hivyo ukweli wangu haukumsafisha Ghati. Uliwapa wanaume jina la pili la kumwita.

Nilimpigia magoti mke mwenzangu, mimi niliyezoea kupokea shikamoo yake. Aliniinua. "Nimekusamehe, mama mkubwa. Lakini ungesema tu siku ile, 'Ghati, limenishinda,' ningeulowesha mdomo dizeli jioni ile ile, nikaufungua Jumatatu, na safari ningeenda Jumanne."

Jumanne tarehe 30 Julai alifunga nyumba yake, akaniachia ufunguo, akavuka mpaka kwenda kwa kaka yake, ambaye ana gari linalohitaji dereva. Sisi huku tunangoja magari ya watu ili mahindi yetu yafike Mugumu, na mara nyingine yanaingiwa na wadudu kabla hatujapata nafasi.

Wewe unayesoma hili, hasa mwanamke mwenye mwenzake katika mji mmoja: mtu anayeijua kazi akikuuliza kama umeiweza, nawe hujaiweza, mjibu hapo hapo, hata kama mkamwana wako anasikiliza. Usijipe mpaka jioni. Usimtafutie maneno ya kumkomesha kabla hujauliza maana ya maneno yake. Watakucheka, na kicheko hicho kitakwisha kabla ugali haujaiva. Mimi niliikwepa aibu ya nusu saa, na sasa anailipa mwingine, ng'ambo ya mpaka, mbali na kaburi la mume wetu.