Matheka na Friji ya Mama Clare

Pale depo ya maziwa mtaa wa Fedha, Matheka tulikuwa tunamwita Daktari. Si ati alisoma sana. Ni vile kompyuta ikigoma, alikuwa anaishika ubavu kwanza kabla aifungue, kama mama anapima mtoto homa. Jamaa mwembamba, Mkamba wa Kayole, shati amechomekea hata Jumamosi. Babake alikuwa anachonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Matheka hakutaka patasi hata kuiona. Alisema vumbi ya mbao ndiyo ilimaliza kifua cha mzee, yeye atatafuta kazi ya mahali hakuna vumbi.

Kabla wahamie Kayole walikaa Mathare, mlango wao ukiangaliana na wa Kezia, yule watu wanaita Mama Clare. Kezia ni Mmaragoli, anauza maziwa. Mamake Matheka akienda kufulia watu nguo, mtoto alibaki kwa Kezia. Alilishwa hapo, akaoshwa hapo, na akikosa alichapwa hapo. Mpaka amekuwa mtu wa ofisi bado anamwita Mathe, kama mamake mzazi, na Pasaka lazima aende kunywa chai kwake.

Mimi nilikuwa mtu wa lori. Napakia kreti Fedha, napakua mitaani. Kwa hivyo kwa Kezia nilikuwa nafika kila asubuhi, na ile vurugu ya pale naijua. Kampuni ilikuwa imemwekea friji, ile ya mlango wa kioo. Hiyo friji huuziwi. Unawekewa ukiwa unauza sana, na ukilegea wanakuja kuibeba. Sasa friji ilikuwa kwa Kezia, lakini akina mama waliopanga ploti yote waliweka maziwa yao humo, kila mtu na wateja wake. Na oda zao zote zilipitia simu ya Kezia, kwa sababu ndiyo ilikuwa inakubali programu ya kampuni. Utawapata wamesimama mlangoni.

"Mama Clare, niagizie kreti mbili."

"Wewe Perez, jana ulitaka mbili ukauza moja. Hiyo ingine nilale nayo?"

"Si ulale nayo, bwana yako ameenda shags kulima!"

Wanacheka, Kezia anabonyeza oda ya Perez, anabonyeza ya Mbinya, anabonyeza ya nani, yake anaweka mwisho. Simu ya mmoja, biashara ya wote. Mathare hakuna mtu wa kuelezewa hiyo.

Basi kampuni ikachoka na hesabu zake. Depo ilikuwa na programu yake ya mauzo, watu wa pesa walikuwa na yao, magari yalikuwa na yao. Mdosi akiuliza Kayole imeuza nini, anapewa majibu matatu na yote yanapigana. Wakasema watajenga ghala la data, mahali pamoja, kila programu imwage yake humo kila jioni. Katikati kukawekwa programu ingine ya kuunganisha, inavuta data huku, inaisafisha, inaipakia kule. Hiyo ndiyo Matheka alipewa. Alinielezea tukikula chapati nje ya geti.

"Ni kama kazi yako, Sylvance. Unatoa kreti hapa, unaweka pale. Tofauti ni wewe huangalii ndani."

"Na wewe unaangalia?"

"Lazima. Kuna takataka mob, nyingi sana."

Takataka alimaanisha oda za kurudiwa. Na hapo hakuwa anadanganya. Mtandao ukikwama, mwenye duka anabonyeza, haoni kitu, anabonyeza tena. Depo inapata oda mbili za mtu mmoja, mimi nabeba kreti za bure kwenda na kurudi huku dereva ananitusi. Kwa hivyo Matheka akapea huo mtambo sheria. Namba ya simu ndiyo mteja. Namba moja ikileta oda nyingi siku moja, shika ya mwisho, zingine tupa. Majina hakutaka kuyategemea. Majina ya wateja wetu ni balaa: Mama Clare, M Clare, Clare maziwa, Mama Clare wa chini.

Siku mtambo ulipakia kila kitu bila alama nyekundu hata moja, Shiru, meneja wetu, alimpigia makofi ofisi nzima ikiona. Matheka akasimama hapo anashika kola. Alikuwa amefurahi, wacha niseme ukweli, na alikuwa amefanya kazi.

Maziwa yaliendelea kufika vile vile, kwa sababu lori tulikuwa tunapakia kwa programu ya depo, si kwa hilo ghala. Ndiyo maana hakuna mtu alishtuka. Lakini Shiru sasa alikuwa anaangalia ghala tu. Akaona friji ya Mathare inauza kitu kidogo, ni kama imewekwa ya mapambo. Akamwita Matheka.

"Hii namba ya Mathare, data iko sawa?"

Matheka akaangalia mtambo. Kijani juu mpaka chini.

"Iko sawa, madam."

Namba ya simu ilikuwa mbele yake kwa kioo cha kompyuta. Hakuijua. Kwa simu yake imeandikwa Mathe, nani siku hizi anashika namba za watu kwa kichwa?

Tukatumwa kuibeba. Kezia alituona tukishuka akadhani tumekuja kutengeneza.

"Sylvance, ilikuwa inanguruma tu kidogo, haijaharibika."

"Mama Clare, tunaipeleka. Wanasema hauuzi."

"Nani anasema?"

"Kompyuta."

"Basi hiyo kompyuta ije ipange laini hapa kwa mlango, iniambie itafikiwa saa ngapi."

Perez alitoka na beseni anatoa pakiti zake, matusi yanamtoka kwa Kiluhya na Kiswahili pamoja. Mbinya alikuwa anapanguza ile kioo na leso, friji ikiwa tayari iko mikononi mwetu.

Mimi hiyo siku sikungoja zamu iishe. Nilienda ofisini nikamshika Matheka shati, hiyo aliyochomekea.

"Wewe ulikunywa maziwa ya nani ukiwa mdogo?"

"Wacha shati! Kuna nini?"

"Friji ya mathe yako iko kwa lori, ndiyo kuna nini!"

Akatoa simu, akafungua jina la Mathe, akaisoma ile namba kwa sauti akiandika kwa kompyuta. Kwa programu ya depo oda zilijaa, asubuhi moja tu zimepangana kama kreti. Kwa ghala, siku hiyo hiyo, oda moja. Ile ya mwisho. Ya Kezia mwenyewe.

"Hizi zingine..." akasema.

"Si ni Perez! Si ni Mbinya! Si ni watu wamekulea!"

"Nilidhani ni mtandao."

Mtu amezaliwa kwa hiyo ploti, ametumwa kwa hiyo ploti akaombe jirani apige simu, halafu anaona oda nyingi kwa simu moja na kitu inakuja kwa akili yake ni mtandao. Ningempiga. Lakini uso wake ulikuwa umeshapigwa.

Shiru hakukataa kusikia, hiyo sifa nitampa. Shida ile friji ilikuwa imeshapewa duka la Fedha, karatasi zimewekwa sahihi, na ingine lazima iombwe makao makuu. Matheka akabadilisha sheria, sasa kila oda inasimama na namba ya oda yenyewe, si ya simu. Akafuta kila kitu kwa ghala akapakia upya toka mwanzo. Data ya zamani ilikuwa bado iko depo, haikuwa imepotea. Mathare ikapanda, Shiru mwenyewe akashika mdomo. Ile sehemu Matheka hakusema ofisini, alinionyesha mimi tu, ni vile hizo oda zinaenda vizuri, zinaenda, halafu baada ya sisi kubeba friji zinapungua mpaka inabaki moja.

Friji mpya ilipokubaliwa, alikuja na sisi kwa lori. Tulimpata Kezia kwa stuli anakata sukuma wiki, ameifunga mafungu ya kuuza kwa meza.

"Mathe, tumeirudisha. Makosa ilikuwa yangu."

"Nilisikia." Hakuacha kukata. "Unataka chai?"

"Nataka tuiweke mahali pake."

"Ikae na nini ndani? Perez alirudi Vihiga na watoto. Mbinya anafulia watu huko Fedha. Maziwa iliganda siku mbili tatu, wateja wakaenda. Mimi peke yangu nauza kreti moja, Matheka. Hata hiyo ni nyingi. Sasa kompyuta yako haidanganyi."

"Nitawatafuta. Nitampigia Perez."

"Umwambie nini? Akuje alipe nyumba na nini?" Akaweka kisu chini. "Pasaka ulikaa hapo, hapo umesimama. Tumeongea mpaka chai ikapoa. Ungeniuliza tu, 'Mathe, kwani unaagizia nani maziwa yote hii?' Ningekuambia."

Matheka aliangalia pale miguu yake imesimama.

Mama mmoja akapita na mtoto mgongoni, akaona lori la kampuni, akaona friji imesimama juu, akafurahi.

"Mama Clare! Maziwa imerudi?"

"Bado."

"Itakuwa lini?"

Kezia akamwangalia Matheka, akaokota kisu.

"Jaribu duka la juu, mama," akamwambia.