Mchuzi wa Mfupa kwenye Sufuria ya Dengu

Mjomba Mkubwa aliuza nyama kwa miaka ishirini na nane, na siku alipoacha kuila nyumba nzima ilimgeuka kana kwamba ametukana kaburi la babu.

Hakuwa na sababu ya maana, na hilo ndilo lililotuudhi. Daktari hakumkataza, dini hakubadili, ndoto hakuota. Alisema tu kwamba siku moja tonge lilifika kooni likagoma, na tangu hapo kila akiinua kipande anasikia harufu ya bucha kabla sakafu haijamwagiwa maji. Mama akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Mama akasema basi ni maringo.

Tulikuwa wanne ndani. Mama yangu, dada yao mkubwa na mwenye jiko. Mjomba Mkubwa, mgane. Mjomba Mdogo, ambaye mkewe alifunga virago siku nyingi. Na mimi, fundi cherehani, niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda. Cherehani yangu ilikaa chumba cha mbele, mlango ukitazamana na jiko, kwa hiyo hakuna kilichopikwa ambacho sikukiona.

Mama alikuwa amempikia Mjomba Mkubwa tangu alipofiwa na mkewe. Sahani iliporudi na vipande vyote vya nyama vimesukumwa pembeni, alimwambia kama mapishi yake yamemchosha, jiko lile pale, apike mwenyewe. Alisema kwa hasira, akijua mtu yule hajawahi hata kuchemsha chai. Mjomba akamshika kwa kauli yake. Kesho yake alirudi na dengu, viazi, kitunguu, na kicha cha majani ambayo hatukuyajua.

Yalikuwa majani ya thaimu. Mama wa mboga mwenye meza mkabala na bucha ndiye aliyempa, akamwonyesha namna ya kushika kijiti nchani na kuvuta vidole kwenda chini, kinyume na majani yalivyoota, yakapukutika yote kiganjani. Alimwambia pia kwamba ukiyafikicha yanaondoa harufu ya mafuta ya nyama mikononi. Nadhani ndipo alipoyapenda.

Alipika kama alivyokata nyama, bila haraka na bila kupoteza kitu. Dengu alizichemsha hadi zikalainika lakini hazikupasuka. Viazi alivikata kwa kisu cha kutolea mifupa, vipande vyote sawasawa utadhani amevipima kwa rula. Kitunguu alikikaanga taratibu, nusu ya thaimu ikaingia mapema pamoja na kitunguu saumu, nusu akainyunyiza sufuria ikishuka, kisha akakamulia limau. Hakikuwa chakula cha ajabu. Lakini harufu yake iliingia chumba cha mbele ikanifanya niinue mguu kwenye pedali.

Mama alimpa sufuria iliyobonyea ubavuni na kumkataza kugusa miiko yake. Akampangia na saa za kuingia jikoni, kama mpangaji. Mjomba Mdogo akambandika jina la Mbuzi, na halikuishia nyumbani. Buchani, walikofanya kazi pamoja, mbele za wateja, alikuwa akimwita, "Mbuzi, mkatie mama huyu paja," na watu wakicheka anaongeza. Siwezi kujifanya sikuwemo. Aliyeanza kulia "mee" mezani ni mimi. Mjomba alitafuna dengu zake akitazama ukuta.

Kisha wateja wakaanza kuulizana. Mpishi wa mgahawa wa karibu, mteja wa miaka mingi, aliuliza kwa nini mwenye bucha hali anachokiuza. Ndani ya wiki mbili swali lilikuwa limegeuka habari: nyama ile ina kitu, na mwenyewe anakijua. Mjomba Mdogo alirudi nyumbani anatoa moshi masikioni. Alimwambia kaka yake anawafukuzia wateja kwa sababu ya tumbo lake, na kwamba asimame mlangoni mwa bucha ale kipande kimoja tu, watu wamwone, mambo yaishe. Mjomba Mkubwa akajibu kwamba watu wananunua mkono wake, si tumbo lake. Hapo alisema kweli. Alikuwa akitenganisha paja na mfupa bila kuacha hata utando. Lakini kweli yenyewe ilimchoma mdogo wake zaidi, maana yeye kisu kilimkataa tangu ujana, alibaki mtu wa mizani na maneno.

Jumapili moja adhuhuri Mjomba Mkubwa aliacha sufuria yake ikitokota, akatoka uani kuchuma thaimu aliyoiotesha kwenye kopo la rangi. Mjomba Mdogo akaingia jikoni. Alifunua chungu cha Mama, akachota mchuzi wa mifupa, akaumimina kwenye dengu. Upawa wa kwanza, wa pili. Akakoroga. Alipogeuka akaniona nimesimama mlangoni. Aliweka kidole mdomoni.

Nami nikatabasamu. Sikuogopa, sikulazimishwa. Nilitabasamu, nikarudi kushona.

Tulikaa mezani. Mjomba Mkubwa alionja, akatua kidogo, akachota tena. "Leo zimekolea," alisema, na kwa mara ya kwanza akamsogezea Mama bakuli, ajaribu. Mama akasema ana chakula chake. Mjomba Mdogo alisubiri hadi sahani ilipofika nusu.

"Zikose kukolea na mfupa umo?" alisema. "Umekula, Mbuzi, na hujafa. Kesho tutawatangazia wateja."

Mama aliguna kicheko kifupi, kisha akakimeza. Mjomba Mkubwa aliweka kijiko chini.

"Dada, ulijua?"

"Sikujua," Mama alisema. "Lakini mchuzi haujamuua mtu."

Mjomba Mkubwa aliinuka. Aliosha sahani, akaosha sufuria, akaifuta hadi ikakauka, na muda wote huo hakuna aliyeweza kuendelea kula. Kisha akarudi, akasimama nyuma ya kiti chake.

"Miaka ishirini na nane," alimwambia mdogo wake, "sijamuuzia mtu kondoo nikamwambia ni mbuzi. Wewe umenilisha mimi, kaka yako, kitu ambacho hukuniambia. Bucha baki nayo."

Mjomba Mdogo alicheka. Alidhani ni maneno ya hasira, yatapoa. Jumatatu asubuhi aproni ilikuwa kwenye kulabu, na visu vitano havikuwepo. Mjomba alikuwa amevifunga kwenye gunia akahamia chumba kimoja nyuma ya karakana ya fundi vyuma, akaanza kazi ya kunoa visu na mikasi. Wapishi wa mtaa mzima walimfuata, yule wa mgahawa akiwa wa kwanza.

Mama alisema majani yamemsahaulisha damu yake, akakataza jina lake lisitajwe ndani. Buchani aliajiriwa mtu aliyekata kama anapasua kuni. Mteja mmoja mzee alivunjika jino kwa kibanzi cha mfupa, na zile habari za nyama yenye kitu zikapata miguu mipya.

Miezi mitatu ilipita kabla sijapata ujasiri. Nilimkuta Mjomba Mkubwa adhuhuri, anakaanga uyoga na thaimu juu ya jiko la mafuta ya taa mlangoni pake. Nilimwambia nimekuja kusema jambo la siku ile. Hakuinua macho.

"Najua," alisema. "Nilikuwa uani. Cherehani yako ilinyamaza, halafu ikaendelea. Nilipoambiwa mezani nikajumlisha."

Nilimwomba anisamehe.

"Mdogo wangu ananichukia waziwazi, hilo naliweza. Wewe ulikuwa unanusa sufuria yangu kila siku."

Alipakua uyoga wake, akaingia ndani, akala peke yake, nami nikabaki nje hadi nilipoona aibu ya wapita njia. Niliondoka. Lakini nilirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mara ya nne alinisogezea kigoda kwa mguu bila kusema karibu. Mara ya sita alinipa sahani. Tunakula, tunazungumza kidogo, na sijamwomba tena msamaha kwa sababu naona hapendi kuombwa.

Mwezi uliopita Mjomba Mdogo alinituma kwake. Bucha inayumba, hakusema hivyo lakini inayumba. Alitaka kaka yake aje siku mbili tatu amfundishe yule mkataji kutoa mfupa. Hakusema tafadhali. Nilimfikishia Mjomba Mkubwa ujumbe akiwa ananoa panga. Aliendelea kunoa hadi upande ule ukaisha, akalijaribu kwa ukucha.

"Mwambie nyama anaijua vizuri," alisema. "Anajua mpaka kuificha."

Niliufikisha ujumbe neno kwa neno, mezani, Mama akisikia. Mjomba Mdogo alinisukumia sahani yake kifuani. Nilikung'uta wali kwenye gauni, nikaenda kushona. Hadi leo hatusalimiani, na Mama amenipangia saa zangu za kuingia jikoni.