Maji ya Nzomo

"Siku yangu," Kalondu alisema, "inaanza mtungi ukiwa umejaa."

Ilikuwa mwaka wa hamsini na moja, kwenye mteremko ulio juu ya Kasikeu, na wanawake arobaini walikuwa wakichimba mitaro kwa amri ya chifu. Kila Jumanne na Alhamisi, mgonjwa au mzima. Asiyefika, mbuzi wake alichukuliwa. Serikali ilisema inaokoa udongo. Migongo ya akina mama nani aliikumbuka? Basi walipunguza uzito wa majembe kwa kuulizana: ungepewa siku moja iwe yako kabisa, ungeifanya nini?

"Endelea, mke wa Nzomo," alisema Mumbua, mkubwa wao kwa umri na kwa ulimi.

"Naamka jua limeshaingia ndani. Siendi mtoni. Nzomo yuko nyumbani. Tunakaa kivulini, ananisimulia miji aliyopita, nami sina kazi ila kumsikiliza mpaka jioni."

"Na huo mtungi umejazwa na nani? Malaika?"

Kalondu alipiga jembe mara mbili kabla ya kujibu. "Na Nzomo."

Majembe yote yalisimama. Mwanamume, debe mgongoni, ukanda wa ngozi kwenye paji la uso! Walicheka hadi wengine wakakaa chini.

"Aiya! Mnunulie na leso!"

"Abebe na mtoto, amalize!"

Kicheko hicho kilishuka mlima kikafika sokoni. Nzomo alikuwa mchochea makaa kwenye garimoshi la mizigo, na nyumbani alionekana mara mbili tu kwa mwaka. Alipokuja Jumapili moja, kicheko kilikuwa kinamngoja. Jumatatu alirudi kutoka sokoni amenuna.

"Umenifanya kichekesho, Kalondu."

"Niliulizwa ninachotaka, nikasema."

"Hukuwa na kingine cha kutaka?"

"Nilikuwa nacho. Kwamba ukae. Hicho hawakukicheka."

Nzomo alianza kufunga mfuko wake wa safari. Likizo yake ilikuwa inaisha kesho yake, na garimoshi halimngoji mtu.

Asubuhi Kalondu alishtuka: jua lilikuwa limeshaingia ndani. Kitanda upande wa pili kilikuwa kimepoa, na mfuko wa safari haukuwepo. Alitoka mbio, akakuta ukanda umetundikwa mlangoni, bado umelowa. Alifunua mtungi. Ulikuwa umejaa mpaka shingoni.

Akaenda kukaa kivulini, mahali pale pale alipopachagua zamani moyoni mwake. Alikaa kidogo, kama anayesimuliwa jambo. Kisha akachukua jembe, maana ilikuwa Jumanne.

"Nimemkuta mtoni alfajiri," Mumbua alimwambia mitaroni, kwa sauti ya chini. "Amepiga magoti kwenye shimo la maji lililochimbwa mchangani, anateka kwa kata polepole, utadhani anamlisha mgonjwa. Leo shingo itamwuma mpaka Mombasa."

"Ukamcheka?"

"Nilimfungia ukanda upya. Alikuwa ameufunga kama kamba ya ng'ombe."

Kalondu alicheka peke yake, kisha akainama kwenye mtaro ili uso wake usionekane.

Jioni alishuka mtoni na debe lake kama siku zote, na maji hayo ndiyo aliyopikia. Mtungini hakuteka hata tone. Aliufunika vizuri, na kila alipopita karibu aliweka kiganja kwenye udongo wake, akauhisi ulivyo baridi.