Mama Aliposimama Katikati ya Mbio

Waliokuwa darajani asubuhi ile nawakumbuka mmoja mmoja. Alikuwapo bibi yangu Siwema, mzaa baba. Alikuwapo Mwalimu Rafaeli wa shule ya kijiji, mtu wa Songea, kashika filimbi na daftari la kuandikia majina ya wakimbiaji wanaofika kugeuza. Nilikuwapo mimi Hawa, mtoto wa kwanza wa mama, na mgongoni nimembeba mdogo wangu Shabani, miezi minane, hana meno lakini anauma. Baba yangu, Issa Namangaya, hakuwapo. Yeye alikaa Milola kwenye ghala la korosho, mbio zilikoanzia na zitakakoishia, kwenye benchi la wazee, amngoje mkewe arudi. Na mama yangu, Somoe binti Bakari, alikuwa njiani anakuja.

Nyie wa rika langu mtakumbuka miaka ile tulipohamishwa tukakae pamoja kandokando ya barabara. Nyumba tulihama. Mikorosho haikuhama. Ilibaki kule mahame, kwenye makazi tuliyoyaacha, mwendo wa maili nne, na korosho haina siasa, ikiiva inadondoka. Kwa hiyo mama alikuwa akiamka alfajiri anaswali, anateka maji, anafagia uwanja, anapika uji wa mtama, anamnyonyesha Shabani, kisha anajifunga kibwebwe na kwenda mahame mbio. Anaokota kikapu kimoja, anarudi mbio, maana kengele ya shamba la ujamaa ilikuwa haimngoji mtu. Kengele yenyewe ni rimu ya lori imetundikwa. Ikigongwa nawe hupo, jina lako linasomwa mkutanoni mbele ya watu wote. La mama halikusomwa hata siku moja. Siku hizi wanaita mazoezi. Sisi tuliita kuchelewa.

Sisi watoto tulikuwa tunamvizia pale njia inapoingia kijijini, tumeacha mpira wetu wa matambara wa kuchezea rede, kwa sababu juu ya korosho mama alikuwa akiweka mabibo. Tunayafyonza maji yakishuka hadi kwenye viwiko. Gauni langu moja lilikuwa na madoa mengi mpaka wageni wakadhani ndilo ua la kitambaa.

Basi Katibu wa kijiji akatangaza kwamba sherehe za mwaka ule zitakuwa na mbio ndefu za akina mama, kutoka ghalani Milola hadi darajani na kurudi. Wengine wanasema maili kumi, wengine kumi na mbili. Kila kijiji kitoe mmoja. Mkutano mzima ukageuka kumtazama mama, naye akatazama chini kama mtu aliyeangusha sindano.

Nyumbani baba akatoa hukumu. Alikuwa mtu wa maneno machache na yote ya mwisho.

“Mama Hawa, kimbia. Lakini usiwapite watu wazima kama mbuzi aliyekata kamba. Nikimsikia mtu mmoja anasema mke wa Issa kampita bila salamu, mbio zimekwisha. Hizi, na zile za mahame. Korosho nitakwenda kuokota mwenyewe.”

Baba alikuwa na goti. Lilikuwa linamuuma wakati wa kulima na wakati wa kuezeka. Yeye kwenda mahame ilikuwa na maana moja, ngedere wapate chakula. Na korosho zile ndizo zilizokuwa sare yangu ya shule, na chumvi, na mafuta ya taa. Nikamwombea mama kwa Mungu asisahau mtu.

Siku yenyewe mama alivaa ndani kaptula ya baba ya mgambo, juu gauni, juu ya gauni kanga. Makatambuga aliyavua akayashika mkononi, yasichakae. Njia nzima wazee walikuwa wamekaa vibarazani, sikukuu, hawana kazi. Nawe unajua mzee wa kwetu haitikii marahaba akanyamaza. “Marahaba mwanangu, watoto hawajambo? Baba yao goti lake? Na Bakari huko Kiswere, bado anavua?” Mama akawa anajibu huku amegeuka, anakimbia kinyumenyume, mpaka habari zote ziishe. Pamoja na hayo alifika darajani wa kwanza.

Alifika, akamwamkia mama mkwe wake, akamwamkia mwalimu, akaketi kwenye ukuta wa daraja, akanipokonya Shabani na kumpa ziwa.

“Mama Hawa,” mwalimu akasema, “hizi ni mbio.”

“Nazijua, mwalimu. Lakini huyu hazijui.”

Bibi alikuwa anatafuna tambuu. Akatema upande. “Mke wa mtu, anahema kama kafukuzwa na nyuki.” Mbio zile hakuzipenda tangu mwanzo, na alikuwa na desturi ya kutokupenda kitu kwa sauti.

Shabani hakuwa na haraka. Alipofika Fatu Likwena wa Milola, msichana hajaolewa, miguu kama ya swala, yeye bado ananyonya. Fatu akagusa daraja, akageuza. Ndipo Shabani akaridhika, mama akasimama, akamfuata. Tulimwona akimkaribia, hatua kwa hatua, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuruka.

Hapo ndipo kilio kilipotoka katika nyumba ya Mzee Mfaume.

Nyumba ile ilikuwa ya kwanza ukitoka darajani. Mzee Mfaume alikuwa mdogo wake babu, kwa hiyo kwa baba ni baba mdogo, na ndiye aliyemlea. Alikuwa mgonjwa tangu mavuno. Fatu alipofika usawa wa mlango akapiga kelele, “Poleni jamani!” na wala hakupunguza mwendo. Mama akasimama. Alisimama katikati ya barabara kama mtu aliyefika kwake. Mwalimu akapuliza filimbi, akapuliza tena. Mama akafungua kanga kiunoni, akajitanda kichwani, akavaa makatambuga yake, akaingia.

Tulipofika mimi na bibi, amekwisha keti mkekani na kumkumbatia mjane, Bi Tabia. Anamwambia yale maneno ambayo watu huambiana. Mimi nilikaa nikiangalia mlango. Kivuli kimoja kikapita barabarani mbio. Cha pili. Cha tatu. Nilianza kulia, na akina mama wakanisifu kwamba mtoto huyu ana huruma, alimpenda babu yake. Mungu anisamehe, sikuwa nikimlilia Mzee Mfaume.

Bibi alimlilia shemeji yake kilio cha kutosha, akajifuta, akatazama kushoto na kulia. Mle ndani ni wanawake tu. Wanaume wote wako Milola wanatazama mbio.

“Kaburi atachimba nani?” akauliza. Akamgeukia mama. “Somoe. Issa hajui. Nenda kamwambie. Na ukimbie.”

“Nikikutana na wazee njiani, mama?”

Bibi akafikiri. “Wapungie mkono.”

Mimi sikumwona mama akiondoka, niliona kanga tu. Ya Milola nilisimuliwa na shangazi Zuhura, dada yake baba, ambaye haongezi chumvi ila kidogo. Anasema Fatu alifika wa kwanza, wakampa doti ya kanga, na bado anaifunua aione rangi, mama akatokea. Akapita mstari, hakusimama. Wakamwita aandikwe, hakugeuka. Akaenda moja kwa moja mpaka benchi la wazee, akapiga magoti.

“Baba Hawa, baba mdogo hatunaye.”

Baba akainuka akatimua mbio. Kanzu kaikunja kiunoni, goti lile lile. Watu pale ghalani walidhani mbio za wanaume zimeanza bila kutangazwa, na vijana wa vijiji vitatu wakamfuata, kila mmoja hataki kijiji chake kishindwe.

Sisi tuko msibani, tukamwona anakuja. Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Baba akampita akaingia, akaanguka miguuni pa marehemu. Alipotoka, macho mekundu, bibi akamtazama.

“Issa. Hata shikamoo?”

Baba alifungua mdomo, pumzi haikumruhusu. Wale vijana wakafika nyuma yake, wanne wa mbele wakigombea nafasi ya pili. Wakapewa majembe. Mzee Mfaume akazikwa kabla ya alasiri.

Ilipopita khitima, tunakula ugali wa muhogo na kisamvu, baba akasema bila kuinua macho, “Mama Hawa, nasikia kule mahame zimeanza kudondoka.”

“Ndiyo,” mama akasema.

“Basi.”

Yakaisha. Mama alikimbia kwenda mahame misimu mingine tisa, na watoto wawili zaidi mgongoni kwangu, na mbio za sherehe kila zilipoitishwa. Baba alikuwa akimshikia makatambuga.

Sasa mjukuu wangu Rehema yuko Dar es Salaam, ana mtoto mmoja na kazi ya ofisini, naye anakimbia. Anatoa hela ili aruhusiwe kukimbia. Amevaa viatu vya rangi ya embe bivu, masikioni kaziba, mkononi saa inayomwambia kwamba amechoka. Wa mwisho naye anavishwa medali. Simcheki, anajitahidi, na msichana wa kazi anamwangalizia mtoto. Nilimuuliza, huko njiani unawapita watu wangapi unaowajua? Akasema, “Hata mmoja, bibi. Ndiyo raha yake.” Nimeitafuta raha hiyo mpaka leo sijaiona ilipo.

Daftari la Mwalimu Rafaeli sijui liliishia wapi. Mimi nasema mama alifika wa pili. Jamaa wa Likwena wanasema wa tatu, na kwamba kuna mama mmoja wa Rutamba alitangulia, jina lake ndilo pekee limenitoka. Kama yuko anayesoma hapa na mama yule ni wake, aniletee jina, nami nitamrudishia nafasi yake.